Mabati ya Kutu Sebuleni na Sahibu Asiyekuja Tena Barazani

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Bagamoyo na Tanga, na karibu zote zinalia jambo moja: watu waliopendana miaka na miaka wamekorofishana kwa sababu ya kazi ya sanaa. Tumechagua tano. Majina tumeyaweka kando.

Swali: Shikamooni. Sahibu yangu, tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu, amenunua kitu cha kutundika sebuleni. Ni vipande vitatu vya bati la paa lililoliwa na kutu, vimeshonwa kwa uzi wa nyavu juu ya kipande cha tanga kuukuu la ngalawa. Upana wake kama mita moja na nusu. Bei shilingi 900,000! Alitualika watu sita tukakione. Nikamwambia, “Sahibu, si ungeniambia? Kwangu uani yapo ya bure, na banda la kuku nakuongezea.” Watu wakacheka mpaka machozi. Huu ni mwezi wa pili hafiki barazani kunywa kahawa, na nikimpigia simu ana kazi. Je, ile ni sanaa kweli au katapeliwa? Na mimi nifanyeje? (Msomaji wa Dunda, Bagamoyo)

Jibu: Marahaba. Katika swali lako la sanaa yamejificha maswali manne, na hayo ndiyo yaliyowagombanisha. Ile ni sanaa? Ni sanaa nzuri? Inastahili laki tisa? Na wewe binafsi inakupendeza? Kila moja lina ushahidi wake. Sahibu yako alikuwa akikuonyesha kitu kinachompendeza. Wewe ukamjibu la bei, ambalo hakukuuliza, tena ukamjibu mbele ya wageni wake.

La kama ni sanaa ndilo watu hulipigania zaidi, na ndilo jepesi kuliko yote. Mwaka 1917 Marcel Duchamp, Mfaransa aliyekuwa akiishi New York, alinunua beseni la kauri la msalani, lile wanaume wanalokojolea, akalilaza chali, akaliandika “R. Mutt 1917” na kulipeleka kwenye maonyesho yaliyotangaza kupokea kazi ya yeyote aliyelipa ada ya dola sita. Waandaaji wakakataa kuliweka. Duchamp mwenyewe alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa chama kilichoyaandaa, akajiuzulu. Beseni lenyewe lilipotea. Yanayoonekana leo kwenye majumba ya makumbusho ni nakala alizoziidhinisha baadaye. Tangu wakati huo, kitu chochote ambacho mtu amekichagua na kukiweka mbele yetu kitazamwe kinaweza kuitwa sanaa. Lakini kuitwa sanaa si sifa. Ni kama kuitwa mboga: mboga nayo huchacha.

Wala huna haja ya kwenda New York kutafuta ukoo wa mabati yale. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana mwaka 1944 aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, hukusanya vizibo vya chupa za pombe, huvikunja na kuvifunga kwa waya wa shaba mpaka vikawa kama vitambaa vikubwa vinavyofunika ukuta mzima. Mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya heshima ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Vizibo viliokotwa, ndiyo. Mpangilio haukuokotwa.

Basi kama kazi ya sahibu yako ni nzuri au mbaya, hilo hujuliwa kwa macho, na macho yanataka muda. Simama hatua nne nyuma, uitazame yote kwa pamoja. Dakika moja ni ndefu kuliko unavyodhani. Itazame saa yako. Kisha sogea mpaka sentimita 50 uangalie maungio. Mashimo ya uzi yametobolewa kwa msumari, kingo zikabaki zimechanika, au yamepekechwa kwa keekee na kulainishwa kwa tupa? Mishono ina nafasi sawa? Na kama haina, inaonekana imekusudiwa? Kutu ya vipande vile vitatu ni rangi moja, au kimoja ni cha hudhurungi, kingine chungwa, cha tatu bado kina weupe wa zinki? Mtu aliyeokota bati la kwanza alilolikuta hapati tofauti hizo. Sisi hatujaiona, kwa hiyo hatusemi ni nzuri. Tunachosema ni kwamba hata wewe hujaiona: ulicheka ukiwa bado mlangoni.

Bei nayo ihesabiwe kama unavyohesabu ya kabati kwa seremala. Nyumba za maonyesho kwa kawaida hukata kati ya asilimia 30 na 50. Tuseme ilikatwa 40: katika 900,000 imeondoka 360,000, msanii amebaki na 540,000. Toa 90,000 ya tanga, uzi, mbao za nyuma na skrubu. Toa 40,000 ya usafiri. Imebaki 410,000. Kama kazi ilimchukua wiki tatu za siku sita, ni takriban shilingi 22,800 kwa siku. Fundi mwashi mzoefu hawezi kuionea wivu.

Na siku zenyewe si kipimo pekee. Mwaka 1878 ilisikilizwa jijini London kesi ambayo mchoraji James Whistler alimshtaki mhakiki wa sanaa John Ruskin, kwa kuwa Ruskin alikuwa ameandika kwamba Whistler anadai gini 200 (fedha ya Uingereza ya zamani) kwa kuumwagia umma kopo la rangi usoni. Wakili akamuuliza Whistler mahakamani: unadai gini 200 kwa kazi ya siku mbili? Akajibu kwamba hapana, anadai kwa ujuzi alioupata maisha yake yote. Alishinda kesi, akalipwa fidia ya robo peni. Mwaka uliofuata alifilisika. (Ndiyo maana hatumshauri mtu aende mahakamani kwa ajili ya ladha.)

Utapeli kwenye sanaa upo, ila hauko pale unapoutafuta. Kutapeliwa ni kuuziwa kitu kwa jina lisilo lake. Kwa mfano, Edward Saidi Tingatinga alichora miaka kama minne tu, tangu 1968 mpaka kifo chake 1972, lakini “picha zake” zenye sahihi zinazozunguka sokoni ni nyingi kupita kiasi. Huo ndio wizi. Kwa kazi ya sahibu yako, geuza nyuma: pawe na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, na risiti inayotaja hayo hayo. Vikiwepo, hakutapeliwa. Alinunua kitu usichokipenda, na watu hufanya hivyo kila siku wanaponunua makochi.

Sasa la kufanya. Nenda kwake kwa miguu yako. Usitume ujumbe wa simu, kwa sababu kicheko kilikuwa cha sauti na ujumbe hauna sauti. Nenda saa ambayo hana wageni. Usimwambie kwamba sasa umeielewa na ni nzuri ajabu. Anakujua tangu darasa la tatu, atajua unadanganya, na uongo utamuumiza kuliko mzaha. Sema ulichokosea hasa: “Nilicheka kabla sijatazama.” Kisha muulize swali hili, wala usilibadilishe: “Ni nini kilikusimamisha mbele yake?” Usiulize “ina maana gani?” Swali hilo linamgeuza mtahiniwa, na hakuitengeneza yeye. Ukimuuliza kilichomsimamisha atakusimulia, pengine baba yake alikuwa mvuvi, pengine ni rangi tu.

Halafu kuna wale watu sita. Msamaha wa faragha unamponya yeye, hauwafikii waliotoka pale na mzaha wako wakaupeleka Magomeni na Kaole. Siku akirudi barazani, au hata kabla hajarudi, atakapotokea mtu kurudia lile la banda la kuku, wewe ndiwe wa kulizima. Neno moja linatosha: “Yale nilikosea mimi.”

Na kuna huduma unayoweza kumfanyia ambayo itasema zaidi ya hotuba. Kutu haijalala. Hewa ya Bagamoyo ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na bati lililokwisha kupoteza zinki linaendelea kuliwa hata likiwa ndani. Baada ya masika moja au mbili unga mwekundu utaanza kudondokea kwenye tanga, na doa la kutu kwenye pamba halitoki kwa sabuni. Ndimu hulitoa, ila hula na uzi. Mwambie asiitundike mkabala na dirisha la upande wa baharini. Nyuma yake viwekwe vibao vidogo kwenye pembe, ili ibaki nafasi ya sentimita mbili kati ya kazi na ukuta, maana kuta za mawe ya matumbawe hutoa jasho. Mara moja kwa mwezi atandike gazeti chini, apitishe brashi laini kavu kutoka juu kwenda chini. Kitambaa kibichi, hapana. Vanishi, hapana, mpaka msanii aulizwe: vanishi huitia kutu weusi na mng'aro, na kazi inageuka kitu kingine. Msanii aulizwe pia kama yuko radhi karatasi nyembamba ya plastiki angavu ipenyezwe kati ya bati na tanga. Ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike, mwingine apenyeze.

Swali: Tumewekeana dau la kreti ya soda. Mwenzangu anasema kuna ndizi iliyobandikwa ukutani ikauzwa mamilioni ya dola. Mimi nasema ni porojo za mtandaoni. Sasa tumefika mahali pa kuitana majina. (Kisutu, Bagamoyo)

Jibu: Toa soda. Msanii ni Maurizio Cattelan, Mtaliano. Desemba 2019, katika maonyesho ya Miami, aliweka ndizi ya kawaida iliyobandikwa ukutani kwa utepe mpana wa kijivu, kazi yenye nakala tatu, bei ikaanzia dola 120,000. Msanii mwingine akaibandua moja pale pale akaila, ikawekwa nyingine. Novemba 2024 nakala mojawapo iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.2, ada za mnada zikiwemo, na mnunuzi, mfanyabiashara wa sarafu za mtandaoni, akaila mbele ya waandishi wa habari.

Kilichouzwa kwa hakika ni cheti, pamoja na maelekezo ya jinsi ya kuibandika na ruhusa ya kubadilisha ndizi inapooza. Kwa hiyo na wewe una haki kidogo: hakuna aliyelipa mamilioni kwa tunda. Lakini dau halikuwa hilo.

Swali: Tunasomea sanaa hapa Bagamoyo na tunapanga chumba kimoja Magomeni. Mwenzangu anachora Tingatinga. Mimi nachora dhahania, rangi na maumbo bila sura ya kitu. Ananiambia naiga Wazungu. Nikamwambia yeye anachorea watalii. Tangu hapo tunalala migongo imegeukiana, kila mtu na kona yake ya brashi. Nani ana haki?

Jibu: Nyote wawili mmekosea tarehe.

Mwenzako anadhani anatetea asili. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968, Dar es Salaam, kwenye vipande vya hadibodi vya futi mbili kwa mbili, kwa rangi za kung'aa zilizokuwa zikipakwa baiskeli. Alitumia vifaa vya dukani, na alichora ili auze. Miaka minne baadaye alikufa kwa risasi ya polisi iliyompata kimakosa. Mtindo wake ni sanaa ya kisasa kwa kila kipimo: ni mdogo kwa miaka 53 kuliko mraba mweusi mtupu ambao Kazimir Malevich aliuonyesha Urusi mwaka 1915. Hata mashetani ya Wamakonde, yale ya mpingo yenye jicho moja na viungo vilivyopindana, yalianza kuchongwa kuelekea 1960. Watu wengi huyadhania ya kale kwa sababu ni meusi.

Na wewe, unayeambiwa unaiga Wazungu, jiulize Wazungu waliiga wapi. Mwaka 1907 mchoraji Mhispania Pablo Picasso aliingia kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, akakuta vinyago vya Afrika. Mwaka huo huo akamaliza picha kubwa ya wanawake watano, wawili wao na nyuso kama vinyago. Aliwaonyesha rafiki zake, nao wengi wakaichukia. Henri Matisse, mchoraji mwenzake, alikasirika. Georges Braque, mchoraji mwingine, naye hakuipenda. Picasso akaiweka ndani. Haikuonyeshwa hadharani mpaka 1916.

Ila tazama kilichompata Braque. Hakujilazimisha kuipenda, wala hakumkimbia aliyeichora. Aliendelea kufika kwa Picasso, na kati ya 1908 na 1914, mpaka Braque alipoitwa vitani, wawili wale walifanya kazi bega kwa bega hadi leo wataalamu hutatizika kujua ipi ni ya nani. Hiyo “dhahania” yako imepitia hapo, na hapo ilipitia kwa mchongaji wa Kiafrika ambaye jina lake hakuna aliyejali kuliandika. Mwenzako akisema unaiga, mwambie unadai deni.

Hata hivyo, neno lako kwa mwenzako lilikuwa baya zaidi kuliko lake kwako. “Naiga” ni hoja, inaweza kujibiwa. “Unachorea watalii” ni kumdharau mtu kwa kupata mkate wake, na huenda ndiye aliyelipa kodi ya chumba mwezi uliopita. Anzia hapo kuomba radhi.

Kisha wekeni utaratibu wa kukosoana. Jumamosi moja kila wiki mbili, dakika 20 kwa kila kazi, si zaidi. Tundikeni kazi katikati yake iwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni; picha iliyolazwa kitandani haikosoleki. Dakika kumi za kwanza mwenye kazi ananyamaza kabisa. Mtazamaji anaeleza anachokiona tu: jicho linaingilia wapi, linakwama wapi, rangi ipi inapiga kelele. Baada ya hapo mwenye kazi anauliza swali moja aliloliandika kabla, mfano “hii kona ya chini ni nzito?” Anajibiwa hilo hilo. Maneno “Mzungu”, “mtalii” na “asili” hayaingii chumbani siku hiyo. Kinachoharibu vikao hivi mara nyingi ni mwenye kazi kuanza kujitetea dakika ya pili. Akishaanza, mtazamaji haangalii tena picha, anamwangalia yeye. Kosa lingine ni kukosoa kazi iliyokauka jana usiku. Iacheni siku mbili.

Mkitaka kwenda mbele zaidi, chukueni hadibodi moja ya sentimita 60 kwa 60 mchore wote wawili. Chagueni kitu mnachokijua, soko la samaki la hapo ufukweni alfajiri kwa mfano, na rangi nne tu. Mgawanyo si wa nusu kwa nusu: mmoja afanye chini, mwingine juu. Wewe, kama unatumia akriliki (rangi inayochanganywa na maji), ndiwe uanze, kwa sababu akriliki hukauka kwa nusu saa na rangi ya mafuta ya kung'aa hushika vizuri juu yake. Mkigeuza, akriliki ikaja juu ya rangi ya kung'aa, itabanduka kama ganda la kitunguu. Sugueni kwanza upande laini wa hadibodi kwa msasa namba 120, mpanguse vumbi, mpake msingi mweupe mara mbili. Yeye naye aache saa 24 kati ya tabaka na tabaka, na wakati wa masika hata 36, la sivyo madoa yake ya Tingatinga yataingiliana na kufanya tope.

Mtagombana kuhusu nani atie sahihi. Tieni sahihi nyuma.

Swali: Sisi ni marafiki watatu wa Ngamiani, Tanga. Tulichanga 200,000 kila mtu tukanunua mchoro kwa 600,000. Mmoja anao kwake tangu mwaka jana, hataki kuutoa. Wa pili anataka uuzwe. Wa tatu, ambaye ni mimi, nimechapa fulana 40 zenye mchoro huo nikauza 25, na sasa wote wananidai mgawo. Naona wananionea.

Jibu: Kuhusu fulana, ndugu yetu, hawakuonei, anayeonewa ni msanii. Mlinunua mchoro, hamkununua haki ya kuunakili. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki hiyo hubaki kwa mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, isipokuwa ameitoa kwa maandishi. Kwa hiyo hakuna mgawo wa kugawana. Simamisha fulana 15 zilizobaki, mtafute msanii, umweleze idadi kamili na bei uliyouzia, mkubaliane malipo yake. Usisubiri akutane nayo barabara ya nane mtu kaivaa.

Mchoro wenyewe unahitaji karatasi moja mliyoisaini wote, ambayo mlipaswa kuiandika siku ya kununua, lakini hata leo inafaa. Iandikwe kila mtu ana theluthi. Iandikwe unakaa kwa nani kwa miezi mingapi; minne minne inatosha, na mabadilishano yafanyike katikati ya mwezi, kwani mwisho wa mwezi watu wana madeni na hasira. Anayeupokea aupige picha mbele, nyuma na pembe zote nne, picha zitumwe kwenye kikundi chenu. Likitokea doa, itajulikana lilitokea kwa nani. Usafiri ni juu ya anayeupokea, matengenezo ni juu ya wote, isipokuwa uzembe ulio wazi: jiko la mkaa chini yake, mtoto na kalamu, dirisha lililoachwa wazi siku ya mvua.

Kuuza kukubaliwe na wawili kati ya watatu. Asiyetaka kuuza apewe siku 60 za kununua hisa za wenzake kabla haujatolewa nje. Bei isiwe ile ya 600,000 mliyolipa, wala isiwe ile anayoiota anayeuza. Ulizeni wauzaji wawili wasiofahamiana, na msanii mwenyewe anauza kazi za ukubwa huo kwa kiasi gani sasa, kisha mchukue ya katikati. Huyo anayeung'ang'ania, tunadhani ndiye anayeupenda kweli kati yenu. Mpeni nafasi ya kwanza ya kuununua, kwa awamu ikibidi.

Swali: Shoga yangu ni mchoraji. Siku ya harusi yangu alinizawadia picha yangu mimi, uso wa kijani na shingo ndefu kama twiga. Siipendi hata kidogo. Akija naitundika, akiondoka naitia chini ya kitanda. Wiki iliyopita alikuja bila hodi! Nikamwambia tunapaka rangi ukuta. (Chumbageni, Tanga)

Jibu: Dada, shoga yako anajua. Mchoraji akiingia chumbani hutazama ukuta kwanza. Picha inayokaa mahali pamoja huacha alama: vumbi hulala juu ya fremu, na ukuta ulio nyuma yake hubaki na rangi mpya kuliko uliouzunguka. Kwako hapana alama hiyo. Halafu tundu la msumari: lipu ya chokaa ikichomekwa na kuchomolewa hubomoka, tundu linapanuka, na yeye ameliona likikua.

Uso wa kijani hakuubuni yeye. Mwaka 1905 Matisse alimchora mkewe mwenyewe na mstari wa kijani katikati ya uso, kwa ajili ya kutenga upande wa mwanga na upande wa kivuli bila kutumia rangi ya ngozi. Angalia yako mchana, mbele ya dirisha: kijani kiko uso mzima, au kimeelekea upande mmoja? Kama kimeelekea upande mmoja, shoga yako alikuwa akichora taa ya siku ile. Hilo halikulazimishi uipende, ila litakupa neno la kweli la kumwambia.

Na zawadi za wachoraji zina historia yake. Mwaka 1907 Matisse na Picasso walibadilishana picha. Gertrude Stein, mwandishi Mmarekani aliyewajua wote wawili, aliandika kwamba kila mmoja alichagua iliyo dhaifu ya mwenzake. Iwe kweli au fitina, ile aliyopewa Picasso, picha ya binti yake Matisse, aliibakisha mpaka mwisho wa maisha yake, na leo ipo katika jumba la makumbusho lenye jina lake Paris.

Itoe chini ya kitanda leo. Hapo hapana hewa, na kuvu huanzia nyuma ya kitambaa ambako huioni. Ukikuta vidoadoa vya kijivu, jifunge kitambaa puani, itoe nje kivulini, siku kavu ya upepo, uipunguze vumbi la nyuma kwa brashi laini. Usiipake dawa ya klorini wala usiianike juani. Ikiwa kuvu imeingia upande wa rangi, usiiguse kabisa, mpelekee yeye mwenyewe.

Kisha mwambie ukweli mdogo, si wote: “Shoga, nikijitazama sebuleni kila saa naona haya. Nataka kuiweka ukumbini karibu na mlango wa chumba.” Hiyo ni kweli, sivyo? Ukumbini watu hupita, hawakai, na hutakula chakula ukitazamana nayo. Safari hii usitumie msumari. Tobolea lipu matundu mawili, kila moja theluthi moja kutoka ukingo wa picha, ingiza plagi za plastiki na skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu. Picha yenye ndoano mbili haiyumbi, wala haishukiki haraka mtu akipiga hodi.